Kubadili Programu ya Ruta ya Nyumbani: Mfano wa Kufundisha Kazi ya Hatua kwa Hatua

Utangulizi

Mwanachuo amalizapo masomo yake na kupangiwa shule, haichukui muda kugundua kwamba kazi yake haiishii darasani. Mwalimu ndiye anayeombwa kuwasomea wazee barua, kuwajazia fomu, kuitazama redio iliyonyamaza, na siku hizi kuitazama ruta ya mtandao katika ofisi ya mwalimu mkuu au nyumbani kwa jirani. Hawezi kusema kila mara kwamba jambo hilo hakufundishwa chuoni. Wala hawezi kukishika kila chombo kwa kubahatisha, maana chombo kikimfia mkononi, hasara si yake peke yake.

Makala haya yanaeleza kazi moja ya namna hiyo, yaani kuiondoa programu iliyotiwa na kiwanda ndani ya ruta ya nyumbani, na kuweka mahali pake programu huria. Tumeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ina manufaa ya kweli kwa nyumba na hata kwa shule. Pili, ni kazi isiyosamehe uzembe. Mtoto akikosea kuchora ramani hufuta akaanza upya, lakini mtu akitia programu isiyo yake ndani ya ruta huenda taa zake zisiwake tena. Kwa hiyo kazi hii inatufunza jambo ambalo mwalimu hulihitaji katika masomo mengi: jinsi ya kufundisha hatua bila kuzigeuza kuwa orodha ya kukariri.

Ruta ni nini?

Ruta ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibao cha herufi. Kwa kuwa haina vitu hivyo, watu wengi huidhani ni sanduku la taa tu. Ndani yake mna kichakataji, mna redio ya kurusha mtandao usiotumia waya, na mna kumbukumbu za aina mbili. Kumbukumbu ya kazi hushika mambo wakati umeme unapowaka na kuyasahau unapozimwa. Kumbukumbu ya kudumu huyahifadhi hata umeme ukikatika. Humo ndimo inamokaa programu inayoiongoza ruta.

Kazi ya ruta yafanana na kazi ya karani wa masjala. Barua zote za ofisi humpitia yeye. Husoma anwani, hupeleka kila barua kwa mwenyewe, na huzuia ile isiyostahili kuingia. Karani huyo hufanya kazi kwa kufuata maagizo aliyopewa. Maagizo ya ruta ndiyo programu yake.

Programu inayotoka kiwandani aghalabu huwa imefungwa. Mnunuzi huitumia, lakini haruhusiwi kuona ilivyoandikwa wala kuirekebisha. Programu huria ni kinyume chake. Msimbo wake, yaani maandishi ya watunzi wa programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, huwekwa wazi ili kila mtu ausome, aurekebishe na kuwagawia wengine. Neno huria lisichanganywe na neno bure. Programu yaweza kutolewa bure na bado ikawa imefungwa.

Historia yake kwa ufupi

Mwishoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Linksys ya Marekani ilianza kuuza ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Cisco. Mwaka huohuo wataalamu wachache waliichunguza programu ya ruta hiyo wakagundua kwamba ndani yake mlikuwamo Linux, programu ambayo Linus Torvalds wa Finland alianza kuitoa mwaka 1991. Linux hutolewa chini ya leseni huria iitwayo GPL. Leseni hiyo yaruhusu mtu yeyote kuitumia programu, hata kwa biashara, ila ina sharti: anayeigawa kwa wengine hana budi kuwapa na msimbo wake pia.

Madai yalipotolewa, msimbo wa WRT54G ulitangazwa hadharani. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida waliweza kuona jinsi ruta yao inavyofanya kazi, na walianza kuirekebisha. Mwaka 2004 baadhi yao walianzisha mradi ulioitwa OpenWrt, na herufi tatu za mwisho za jina hilo zilitoka katika jina la ruta yenyewe. Mradi huo bado unaendelea, na programu yake sasa huingia katika ruta za viwanda vingi. Nchini Ujerumani, watu wa jumuiya ya Freifunk waliitumia programu hiyo kuunganisha ruta za majirani ili mtaa mzima ushirikiane mtandao.

Katika historia hiyo limo tukio ambalo mwalimu yafaa alikumbuke. Ruta ya WRT54G ilitolewa kwa matoleo kadhaa, yote yakiwa na jina lilelile na sura ileile ya buluu na nyeusi. Toleo la 4 lilikuwa na megabaiti 4 za kumbukumbu ya kudumu na 16 za kumbukumbu ya kazi. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2005, lilipunguziwa likabaki na megabaiti 2 na 8, na Linux ikaondolewa. Mtu aliyeshika toleo la 5 mkononi akafuata maelezo ya toleo la 4 alikuwa anakitendea chombo kingine kabisa. Tofauti hiyo haikuonekana kwa mbele. Iliandikwa chini ya ruta, katika lebo ndogo, kwa tarakimu moja tu.

Kwa nini mtu abadili?

Sababu ya kwanza ni usalama. Kiwanda huirekebisha programu ya ruta kwa miaka kadhaa, kisha hugeukia ruta mpya na kuiacha ile ya zamani na nyufa zake. Chombo bado kizima, ila mlango wake wa nyuma hauna wa kuufunga. Programu huria yaweza kuendelea kurekebishwa maadamu wako watu wanaoitunza na chombo chenyewe kina nafasi ya kutosha.

Sababu ya pili ni uwezo wa kuitawala. Mwenye nyumba aweza kugawa mtandao wa wageni mbali na wa familia, kuweka saa za watoto kutumia mtandao, au kuzuia mtu mmoja anayepakua faili kubwa asiwanyime wengine.

Sababu ya tatu yatuhusu sisi walimu. Baadhi ya ruta zina tundu la flashi. Zikitiwa programu huria, zaweza kugawa vitabu na picha zilizomo katika flashi hiyo kwa simu na kompyuta zilizo karibu, bila kuunganishwa na intaneti hata kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, mkutubi wa Marekani aitwaye Jason Griffey alibuni maktaba ndogo ya namna hiyo iliyoitwa LibraryBox, akiijenga juu ya kazi ya watu wengine waliomtangulia. Ilikuwa ruta ya kuenea kiganjani, flashi moja, na programu iliyotokana na OpenWrt. Shule isiyo na fedha za kulipia intaneti kila mwezi yaweza kuona faida ya jambo hilo pasipo kuelezwa sana.

Hata hivyo, ni wajibu wetu kutaja hasara pia. Mwenye kubadili programu aweza kupoteza dhamana ya chombo. Ruta nyingine zina redio ambazo watengenezaji wake hawakutoa maelezo ya kutosha, na zikitiwa programu huria mtandao wake usio na waya huwa dhaifu au hukosekana kabisa. Na ruta inayofanya kazi vizuri na bado inarekebishwa na kiwanda chake haina haja ya kuguswa kwa sababu ya udadisi tu.

Kosa lililomfunza mwandishi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuizima ruta ya nyumbani kwake. Alisoma jina lililoandikwa mbele, akapakua faili lililobeba jina hilo, akalitia. Ruta ilizima taa zake, ikawasha moja, na taa hiyo haikubadilika tena. Alipoigeuza ndipo aliposoma kwamba yake ilikuwa toleo la tatu, ilhali faili lilikuwa la toleo la kwanza.

Kosa hilo lilikuwa baya, lakini halikuwa baya kuliko la pili. Maelezo ya kuifufua ruta yalikuwapo katika intaneti, na intaneti ya nyumba ile ilipitia katika ruta iliyokufa. Mtoto wa jirani aliyekuja jioni kuandaa kazi yake ya shule alirudi bila kuifanya. Kesho yake mwandishi alikwenda kuazima mtandao kwa mwalimu mwenzake, akakaa huko mchana kutwa akitafuta faili ambalo angelipakua kwa dakika chache kabla hajaanza. Mwenzake huyo, mtu wa maneno machache, alimwuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ulianza safari kabla ya kuuliza njia ya kurudi?"

Ruta ilifufuka. Swali lile ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Namna ya kuzieleza hatua

Mwalimu anayefundisha kazi ya mikono huweza kusema: fanya hili, kisha hili, kisha lile. Mwanafunzi hukariri, na mambo yakienda sawa humaliza. Lakini siku taa inapowaka rangi ambayo haikutajwa, orodha yake haina neno la kumwambia. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila hatua ielezwe kwa sehemu nne: kitendo, yaani linalofanywa, sababu, yaani kwa nini lifanywe hapo na si baadaye, dalili, yaani kinachoonyesha kwamba limefaulu, na rejeo, yaani la kufanya dalili hiyo isipoonekana.

Sehemu ya kwanza: Maandalizi

Hatua ya 1. Hakikisha chombo ni cha nani. Ruta nyingi za nyumbani hutolewa na kampuni ya simu au ya intaneti, nazo hubaki mali ya kampuni au huwa zimefungwa zisibadilishwe. Sababu ya kuanza hapa ni kwamba hakuna ustadi unaohalalisha kuharibu mali ya mwingine. Dalili ya kufaulu ni risiti au neno la mwenyewe. Kama ruta ni ya kampuni, kazi inaishia hapa, au inunuliwe ruta nyingine na kuunganishwa nyuma ya ile ya kampuni.

Hatua ya 2. Igeuze ruta na kuandika kila kilichomo katika lebo: jina la kiwanda, namba ya muundo, na toleo. Sababu tumekwisha kuiona katika kisa cha WRT54G. Dalili ni kwamba umeandika toleo kwa mkono wako, hukulikisia. Lebo ikiwa imefutika, toleo huweza kuonekana katika kurasa za ndani za ruta yenyewe. Lisipoonekana popote, usiendelee.

Hatua ya 3. Tafuta chombo hicho katika jedwali la vifaa la mradi wa OpenWrt. Soma ukurasa wake wote, hasa sehemu ya kufufua. Angalia pia ukubwa wa kumbukumbu. Ruta zenye megabaiti 4 za kumbukumbu ya kudumu na 32 za kumbukumbu ya kazi hazipati tena matoleo mapya. Anayenunua ruta kwa kazi hii atafute yenye megabaiti 16 na 128 au zaidi. Chombo kisipokuwamo katika jedwali, usitie faili la chombo kinachofanana nacho.

Hatua ya 4. Pakua mafaili yote kabla ya kugusa kitu. Yako ya aina mbili, na majina yake hukaribiana. Lenye neno "factory" hutumika mara ya kwanza, wakati ruta bado ina programu ya kiwanda. Lenye neno "sysupgrade" hutumika pale OpenWrt inapokuwa imekwisha kuingia, au pale ukurasa wa chombo unapoagiza hivyo. Mgeni wa kazi hii achague toleo thabiti, wala si toleo la majaribio, kwa kuwa la majaribio huweza kuja bila kurasa za kuliongozea. Pamoja na hayo, pakua programu ya asili ya kiwanda na uhifadhi maelezo ya kufufua. Yote yakae ndani ya kompyuta, kwa maana ruta ikizimika mtandao nao umezimika.

Hatua ya 5. Hakiki faili. Kila faili hutangazwa pamoja na alama ya uhakiki iitwayo SHA256, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Kompyuta huweza kuikokotoa alama hiyo kutoka katika faili ulilopakua. Alama mbili zikilingana, faili limefika salama. Zikihitilafiana hata kwa herufi moja, lifute na kulipakua upya.

Hatua ya 6. Andika mipangilio ya sasa katika daftari: jina la mtandao, nenosiri, na hasa jina la mtumiaji na nenosiri la kampuni ya intaneti kama yapo. Programu mpya haitayajua. Usipoyaandika, ruta yaweza kuwa nzima na nyumba ikakosa intaneti vilevile.

Sehemu ya pili: Kutia programu

Hatua ya 7. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, katika mojawapo ya matundu ya ndani, na uzime mtandao usio na waya wa kompyuta. Sababu ni kwamba mawimbi huweza kukatika katikati ya kazi. Pia tazama umeme. Wakati ambao umeme hukatika mara kwa mara si wakati wa kazi hii, isipokuwa kama kuna betri ya akiba. Programu iliyoandikwa nusu ni sawa na daraja lililojengwa nusu.

Hatua ya 8. Fungua kivinjari, ingia katika kurasa za ruta kwa anwani iliyoandikwa katika lebo, tafuta mahali pa kusasisha programu, na uchague faili la "factory". Soma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, ukilinganisha na ulichoandika katika hatua ya 2, kisha bonyeza. Ruta ikilikataa faili, usilazimishe. Kukataa kwake huenda ndiko kumekuokoa.

Hatua ya 9. Ngoja. Usibonyeze kitufe, usichomoe waya, usizime umeme. Taa zitawaka na kuzimika kwa namna usiyoizoea, na ruta itajiwasha upya yenyewe. Kwa kawaida huchukua dakika chache. Wengi huharibu kazi hapa, si kwa kutojua bali kwa kukosa subira.

Hatua ya 10. Fungua tena kivinjari kwa anwani 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani ya kawaida ya OpenWrt. Dalili ya kufaulu ni ukurasa mpya unaokuuliza jina, ambalo ni "root", bila nenosiri lolote. Usiporidhika na unachokiona, chomoa na kuchomeka tena waya wa kompyuta ili ipewe anwani mpya, kisha ujaribu tena.

Hatua ya 11. Weka nenosiri mara moja, kabla ya jambo lingine lolote. Ruta isiyo na nenosiri ni nyumba isiyo na mlango. Baada ya hapo washa mtandao usio na waya, kwa kuwa katika ruta nyingi OpenWrt huja ikiwa imeuzima. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Chagua pia nchi uliyomo, kama vile TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya, kwa sababu nguvu na masafa ya redio huwekewa mipaka na sheria za kila nchi. Hili si jambo dogo. Mwaka 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa sababu ruta zake ziliweza kupangwa zipite nguvu iliyoruhusiwa nchini humo.

Ruta isipoamka

Ruta isiyowasha taa zake kama kawaida haijafa lazima. Mwalimu afundishe kwamba kuna ngazi, nazo hupandwa kwa zamu.

Ngazi ya kwanza ni kungoja zaidi, kisha kuizima na kuiwasha mara moja. Ngazi ya pili yahusu ruta ambayo OpenWrt imeingia lakini mipangilio yake imevurugika. Hiyo ina hali ya usalama: mtu huiwasha ruta, na taa inapoanza kumetameta hubonyeza kitufe, na ruta huamka ikiwa na mambo ya lazima tu ili irekebishwe. Ngazi ya tatu ni ya programu iliyoharibika kabisa. Ruta nyingi zina kipande kidogo cha programu kinachoamka kabla ya vingine vyote, na kipande hicho huweza kupokea faili jipya kwa waya kutoka katika kompyuta. Utaratibu wake hutofautiana kwa kila chombo: anwani ya kompyuta, jina la faili, na muda wa kushikilia kitufe. Ndiyo maana tuliagiza usomwe na kuhifadhiwa katika hatua ya 3 na ya 4.

Baadhi ya ruta hutengenezwa zikiwa na nafasi mbili za programu, ili moja ikiharibika nyingine iamke. Mwaka 2024 mradi wa OpenWrt wenyewe ulitoa ruta yake, OpenWrt One, yenye kumbukumbu mbili za kudumu, moja ikiwa imelindwa kwa ajili ya kufufua tu. Waliotumia miaka ishirini kurekebisha ruta za wengine walipopata nafasi ya kutengeneza ya kwao, waliiwekea njia ya kurudi.

Kuifikisha darasani

Si kusudi letu kwamba watoto wa shule ya msingi watie programu katika ruta. Kazi yenyewe ni ya wanachuo na walimu, na yafaa ifanywe na watu wawili: mmoja asome hatua, mwingine atende. Anayetenda asianze hatua mpya kabla msomaji hajasikia dalili ya ile iliyopita. Mpango wa namna hiyo hutosha kwa vipindi viwili vya dakika 40: cha kwanza kiwe cha maandalizi pekee, na cha pili cha kutia. Mwalimu asikubali kipindi cha kwanza kirukwe eti kwa kuwa hakina kitu cha kuonyesha.

Lakini yaliyomo ndani ya kazi hii yaweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi bila ruta yoyote. Chukua betri, balbu, pakiti za mbegu au maboksi matupu ya dawa, ambayo yana jina moja lakini lebo zake zinatofautiana kwa kipimo, nguvu au tarehe. Waambie watoto watafute tofauti na waeleze ni madhara gani yangetokea kama mtu angesoma jina pekee. Kisha wape kazi wanayoijua, kama kuwasha jiko la mkaa au kupanda mche, waiandike kwa sehemu zile nne. Utaona kwamba kitendo huandikwa na wote, sababu na wengi, dalili na wachache, na rejeo na karibu hakuna. Hapo ndipo pa kufundishia.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika kazi nzima kitendo chenyewe cha kubadili programu ni kubonyeza mara moja tu. Kazi kubwa ilikuwa kabla yake: kusoma lebo, kuhakiki faili, kuandika mipangilio na kuweka tayari njia ya kurudi. Mwanachuo aliyezoea utaratibu huo ataweza kuukataa mkono wake pale anapoombwa kushika chombo asichokijua, na ataweza kueleza kwa heshima kwa nini anakataa. Jirani na mwalimu mkuu wanamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko anayejaribu kila kitu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maelezo ya kufufua ruta yapakuliwe kabla ya kuanza na si baada ya tatizo kutokea?

2. Chagua kazi moja ya mikono unayotarajia kuifundisha katika mazoezi ya kufundisha. Iandike kwa kitendo, sababu, dalili na rejeo.

3. Mwalimu mkuu anakuomba ubadili programu ya ruta ya shule iliyotolewa na kampuni ya simu. Utamjibu nini, na kwa hoja zipi?

4. Taja chombo kingine nyumbani kwenu ambacho jina lake la nje halitoshi kukitambulisha.